Si Wewe Tunayemsema

Nilishuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku wa tarehe 22 Agosti 2025, na kosa la kwanza nililifanya kabla begi halijatoka. Nilisimama kwenye mstari wa Watanzania. Wala haukuwa ujanja, miguu ndiyo iliyonipeleka. Mbele yangu mama mmoja amejitanda kanga juu ya koti la baridi, nyuma yangu vijana wawili wanabishana Simba na Yanga, nikajua nimefika. Kijana wa uhamiaji akapokea pasipoti yangu yenye tai wa dhahabu, akaigeuza mara mbili, akaniangalia usoni, akaigeuza tena.

"Dada, mstari wako ni ule pale."

Ule pale ulikuwa mstari wa watu wenye viatu vya kupandia mlima. Nikalipa dola 100 za viza ya Mmarekani, nikagongewa muhuri wa siku 90. Kijana alikuwa na adabu zake zote, akaniambia "Karibu Tanzania". Nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja, tangu safari yangu ya 2014, niambiwe "karibu nyumbani", nikapewa salamu ya watalii.

Niliondoka Moshi mwaka 2009 kwa grinikadi (kibali cha kuishi Marekani) ya bahati nasibu, ile tuliyokuwa tukiijaza kwenye vibanda vya intaneti karibu na stendi, picha ya pasipoti umekopa hela ya kupigia. Rais alikuwa Kikwete. Kule Marekani Obama ndiyo kwanza ameapishwa, na watu wa kwetu Machame walinisindikiza kana kwamba naenda kukaa kwa shemeji yao. Tangu hapo nimebadilishiwa marais mara tano, mbili huku na tatu kule. Kila alipoingia mpya, kuna karatasi yangu moja ilibadilika maana.

Niseme hili la uraia, kwa sababu naulizwa hata na wanaonisalimia njiani. Januari 2017 Trump alipoingia mara ya kwanza, wiki moja tu baadaye, akafungia watu wa nchi saba wasiingie Marekani. Tanzania haikuwamo. Lakini mimi naishi Columbus, Ohio, mji wenye Wasomali wengi, na jirani zangu walikuwa na ndugu waliokwama viwanja vya ndege wakiwa na grinikadi mkononi. Grinikadi ileile niliyonayo mimi. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano. Sikulala. Kabla mwaka ule haujaisha nilikuwa nimekula kiapo cha Marekani, na kwa sheria yetu ya uraia, mtu mzima akichukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Nilijua. Nilijiambia ni karatasi tu.

Mdogo wangu hakupata hata nafasi ya kuchagua woga wake. Alishinda bahati nasibu ileile, yeye ya mwaka 2020, akauza pikipiki ya mumewe kwa ajili ya gharama. Tarehe 31 Januari mwaka huo Trump akasaini tangazo, Tanzania na Sudan zikafungiwa viza za bahati nasibu. Biden alilifuta siku ileile aliyoapishwa, Januari 2021, na watu wakanipigia simu wakishangilia. Ila viza zile zina mwaka wake, na wa kwake ulikuwa umeshakwisha tangu Septemba. Sasa ana meza ya mitumba pale soko la Memorial, Moshi. Ananiambia kwamba nguo zinazotoka Marekani zinaingia nchini kwa urahisi kuliko yeye kutoka.

Uchaguzi wa Marekani wa 2024 niliusikia kazini. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Springfield, mji ambao Trump alisema kwenye mdahalo kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka za watu, hauko mbali na kwetu, na mwenzangu mmoja wa zamu ni Mhaiti. Yule mwenzangu alikula wali wake amegeukia ukuta kwa wiki nzima. Kuna mzee mmoja ninayemwogesha, mpole, anayependa nimsimulie habari za Kilimanjaro. Televisheni ikiongea habari za wahamiaji anatikisa kichwa kukubali, kisha ananitazama na kuona aibu kidogo. "Si wewe tunayemsema," ananiambia. "Wewe unafanya kazi." Yule Mhaiti naye anafanya kazi, usiku uleule, korido ileile.

Baada ya Januari 20, 2025, Trump aliporudi, mambo yakabadilika haraka. Maofisa wa uhamiaji wakaruhusiwa kukamatia watu hata makanisani, na ibada yetu ya Kiswahili Jumapili ya mchana ikapungua watu, hata wenye karatasi safi. Mimi raia nilianza kutembea na pasipoti kwenye mkoba, nikienda kununua maziwa. Siku moja nikajiuliza naibeba kumwonyesha nani. Hapo ndipo nilipokata tiketi.

Lakini habari niliyotaka kuwasimulia ni ya kihamba, shamba letu la migomba la urithi.

Baba alifariki Februari 2021. Ilikuwa miezi ile ya korona ambayo kila msiba ulisemwa ni changamoto ya upumuaji na hakuna aliyeuliza zaidi. Sikuja kuzika, kwa sababu kazini kwetu wazee nao walikuwa wanaondoka wawili watatu kwa wiki. Baba aliacha wosia, na kwenye wosia akafanya jambo ambalo kwetu halijazoeleka: akanigawia mimi, binti, sehemu ya kihamba, kuanzia mfereji hadi kwenye mparachichi. Aliandika kwamba nyumba anayokaa mama nimeiezeka mimi. Mkiwa Wachaga mnajua uzito wake. Kihamba cha baba ni cha watoto wa kiume, mtoto wa mwisho anabaki na mji, na binti kwao ni kwa mumewe. Na mume mwenyewe sina, tuliachana, hilo ni andiko la siku nyingine.

Kikao cha ukoo kikapangwa Jumamosi ya tarehe 20 Machi. Jumatano yake usiku, Makamu wa Rais akatokea kwenye televisheni kutangaza kifo cha Magufuli. Ijumaa akaapishwa yeye. Kwa hiyo wazee wetu walikaa chini ya migomba siku moja tu baada ya nchi kukabidhiwa kwa Samia Suluhu Hassan, na mimi nikawasikiliza kwa simu iliyowekwa juu ya stuli, kwangu saa tisa usiku. Baba mdogo akasema wosia ule marehemu aliuandika akiwa mgonjwa, ardhi haiwezi kwenda kwa mwanamke aliyeko ughaibuni. Minong'ono ya kukubali nikaisikia. Kisha nikasikia sauti ya shangazi, na shangazi yangu hapandishi sauti, anashusha.

"Jana mwanamke ameapishwa kushika nchi nzima, na Zanzibar yake na maziwa yake. Ninyi mnamnyima mwanamke migomba arobaini?"

Mtu akacheka, kicheko kikasambaa, kikao kikaisha. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyechomeka masale ya mpaka wiki iliyofuata, na mama akanitumia picha. Nilikaa chooni kazini nikalia kwa ajili ya yale majani. Watu wameandika mengi juu ya rais wa kwanza mwanamke, mabaya na mazuri, na mimi nina yangu nitakayoyasema. Ila siku ile, kwa kuapishwa tu, alinipatia ardhi bila kujua jina langu.

Sasa nimekuja, nikataka niweke karatasi sawa. Nikaenda ofisi moja mjini nikiwa na wosia, muhtasari wa kikao na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Afisa akasoma vyote kwa makini, akasifu hati ya baba. Halafu akauliza kile ambacho hakuna mzee wa ukoo aliyekiuliza: "Wewe ni raia wa wapi?"

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nimeisoma baadaye nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka karibu na mnara wa saa, kwa simu, jua linawaka. Sheria hiyohiyo inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Na hiyohiyo inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa ya uwekezaji. Shangazi alinivusha kifungu kimoja, kiapo changu cha 2017 kimenikwamisha kwenye kingine.

Mtaniambia kuhusu hadhi maalum. Ni kweli, mwanzoni mwa 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili sisi wenye asili ya hapa na uraia wa nje tupate nafasi, ardhi ikiwamo. Nashukuru, sibezi. Miaka mingi tuliomba uraia pacha, tukapewa hii, na aliyepewa mkia wa ng'ombe asikatae kunywa mchuzi. Nimeulizia utaratibu, nimeambiwa nivute subira, navuta. Lakini Julai 2025 likatoka tangazo jingine, la biashara 15 ambazo wageni hawaruhusiwi kufanya: saluni, kutengeneza simu, uwakala wa kutuma pesa, kuongoza watalii, rejareja. Faini si chini ya shilingi milioni 10 kwa mgeni, na raia anayemsaidia ana yake ya milioni 5. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshaangalia fremu ya saluni upande wa Mbuyuni. Nikamsomea kipengele cha raia anayemsaidia mgeni. Akasema, "Dada, mgeni ndiyo wewe?"

Nilijua kwa nini tangazo lile lilitolewa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamelalamika miaka mingi, na malalamiko yao yana ukweli. Hata pale klabuni kwa mbege lilisifiwa sana. Baba mdogo alishika kata kwa mikono miwili, akanywa, akapanguza midomo, akasema hapo serikali imefanya la maana, na Trump naye anasema kweli, kila mtu akae kwao. Akaingia kwenye habari za Wahabeshi, wale wahamiaji wa Ethiopia wanaopitishwa usiku kutokea mpakani. Nikamkumbusha Juni 2012, walipokutwa zaidi ya 40 wamekufa Dodoma kwa kukosa hewa ndani ya lori, wametupwa porini. Akanyamaza kidogo. Akasema ndiyo maana wangekaa kwao.

"Na mimi, baba mdogo?"

Akashtuka kwelikweli. Akaweka kata chini. "Aa, mwanangu! Si wewe tunayemsema."

Alivyolitamka, na ile aibu ndogo ya macho, niliona nyumba ya wazee ya Columbus imehamia chini ya migomba. Na nina hakika wote wawili wananipenda.

Siasa zenyewe za hapa nilizikuta zimenyamaza kuliko nilivyoziacha. Nilipokuja 2014 huwezi kupita barabara ya Machame bila mtoto kukunyooshea vidole viwili na kudai umwitikie "Pawa!" ya Chadema, chama cha upinzani. Hai, jimbo letu, ilikuwa ya Mbowe, mwenyekiti wa chama hicho wakati huo. Akaipoteza 2020 kwenye uchaguzi ambao hadi leo mtu akitaka kuuongelea anaangalia kwanza nani amekaa meza ya pili. Samia alipoingia kukawa na joto jipya. Mbowe alikaa mahabusu kwa kesi ya ugaidi, akatoka Machi 2022 na siku hiyohiyo wakaonana Ikulu. Januari 2023 mikutano ya hadhara ikafunguliwa, Lissu, mwenzake wa Chadema, akarudi kutoka ughaibuni. Nami kule nilikuwa nawajibu Wamarekani kwa majivuno: ninyi mnafunga, sisi tunafungua. Nilipofika, Lissu, aliyemshinda Mbowe uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili 2025, na chama chake hakikuwamo kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Mabango njiani yalikuwa ya rangi moja. Niliulizwa na binamu nitampigia nani kura, nikacheka. Hata kabla ya kiapo, Mtanzania aliye nje hakuwa na kura. Binamu alikuwa na kadi ya kura, na alisema siku hiyo atakuwa anapalilia.

Nilitegemea ningekuja na hasira nyingi zaidi. Nadhani zimeliwa na mtori. Najikuta nagombana na mambo madogo: Kimachame changu kimeota kutu, wapwa zangu wananijibu Kiswahili cha Dar, mfereji wa juu yetu umekauka na kila mtu anasema ni wa jirani kuusafisha.

Jioni moja mama aliniuliza maana ya ule muhuri. Alikuwa ameona pasipoti mezani. Nikamweleza.

"Kwa hiyo serikali imekupa siku 90 za kuniona?"

"Ndiyo, mama."

"Zimebaki ngapi?"

Nikahesabu. Nikamwambia 66, ila tiketi yangu ni ya kabla ya hapo, kazi hainingoji. Hakusema kitu. Akatoka nje, nikamfuata, akasimama mpakani pale kwenye masale, upande wangu. Akanionyesha mkungu wa mshare, bado mchanga, vidole vinaanza kujikunja.

"Ule hautakomaa hujaondoka," akasema. Akaenda nyuma ya banda kutafuta mti wa kuuegemeza.