Laptopu imelala, betri inakesha

Kuna siku nipo kwenye basi la mwendokasi natoka Kivukoni narudi Kimara, saa kumi na moja na nusu jioni, mnajua wenyewe saa hizo kunakuwaje, begi nimelivaa kifuani maana mgongoni unawarahisishia watu kazi. Tumefika Magomeni nahisi tumbo linapata moto. Nikajua ni joto tu la kubanana. Manzese nikaingiza mkono kwenye begi, aisee, laptopu imechemka kama chapati inatoka jikoni na feni inazunguka humo ndani. Na nilikuwa nimeifunga mwenyewe Posta, kifuniko chini, betri 74%. Nafika home nafungua, 31%.

Basi nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, hata dakika mbili hazikuisha, akasema betri imekufa, leta laki na ishirini. Nikasema ngoja kwanza nilale nayo. Usiku nikafungua ile dirisha nyeusi ya komandi ya Windows, unaandika cmd kwenye kutafuta halafu unaifungua kama msimamizi, nikapiga hii:

powercfg /batteryreport

Inakutengenezea ukurasa mmoja wenye historia yote ya betri, mahali ilipoutunza inakuandikia hapohapo. Tafuta namba mbili, uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo inaojaa sasa hivi. Yangu ilikuwa 50,000 na sasa inajaa 43,000, yaani 86%. Hiyo sio maiti bwana, hiyo ni betri ya mtu mzima. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwingine na laki na ishirini yangu ikabaki mfukoni.

Sasa kilichokuwa kinatokea ni hivi. Zamani laptopu ukiifunga inalala kweli, kila kitu kinazimwa inabaki RAM peke yake, ile kumbukumbu ya muda, inapewa umeme kidogo isisahau ulikuwa unafanya nini. Usingizi ule wanauita S3. Kuanzia Windows 8 mwaka 2012 wakaleta usingizi mwingine wa kufanana na simu, na ilipokuja Windows 10 mwaka 2015 ukaitwa Modern Standby, skrini inazima lakini prosesa, ubongo wa mashine, haijazimwa, inasinzia sinzia, inaamka kidogo inacheki meseji, inasinzia tena. Wazo lenyewe zuri, ukifungua kifuniko inawaka papo hapo kama simu. Ila simu haina feni na huwa huifungii kwenye begi la kitambaa pamoja na koti na kontena la chakula. Laptopu nyingi nyembamba za miaka ya karibuni zimekuja na usingizi huu tu, ule wa zamani haupo kabisa. Kujua yako ipo kundi gani piga powercfg /a, ukiona S0, ndo huu usingizi mpya, kwenye orodha ya vinavyokubali ujue upo na mimi.

Halafu kuna hii ambayo naipenda sana, powercfg /sleepstudy. Inakupa ripoti ya siku 3 zilizopita, kila mara laptopu ilipolala, ililala muda gani, ilikula betri kiasi gani, na nani alikuwa anaisumbua. Ile safari yangu ya mwendokasi niliikuta imekaa pale na mstari mwekundu, na kwenye wasumbufu namba moja ni kadi ya waifai. Nikacheka. Maana pale Posta nilikuwa nimeunga hotspoti ya simu yangu, na simu iko mfukoni, kwa hiyo tulivyopanda basi vyote viwili vinasafiri pamoja, laptopu ndani ya begi inaona mtandao upo fresh kabisa inaendelea na mambo yake. Ndo nikaelewa pia kwa nini bando la wiki lilikuwa linaisha Jumatano.

Nilichofanya ni vitu vitatu, na kikubwa ni hiki cha kwanza, hao wengine ukipenda achana nao.

Haibaneti. Hii inachukua kilichomo kwenye RAM inakiandika kwenye diski halafu mashine inazimika kabisa, haili hata chembe ya umeme, ukiwasha inakurudisha palepale na madirisha yako yote. Kwenye mashine nyingi imefichwa, ndo maana watu wanadhani haipo. Unaiwasha kwa powercfg /hibernate on, halafu unaingia Control Panel, Power Options, upande wa kushoto kuna sehemu ya kuchagua vitufe na kifuniko vifanye nini, pale kwenye kufunga kifuniko nikaweka Hibernate kwa betri, na kwa chaji nikaacha Sleep. Ofisini nikienda chai inalala kawaida, nikiwa njiani inazima. Ukitaka iwe inalala kwanza halafu baada ya nusu saa ndo ihaibaneti, kifuniko kiache kwenye Sleep hata kwa betri, halafu piga powercfg /change hibernate-timeout-dc 30, hiyo 30 ni dakika.

Gharama yake ni nafasi, linatengenezwa faili linaitwa hiberfil.sys ambalo kwa kawaida linachukua kama 40% ya RAM yako, mimi mwenye 8GB ni kama 3.2GB hivi. Na kuwaka inachukua sekunde kadhaa badala ya papo hapo. Kuna watu wataniambia inaua SSD, zile diski za kisasa, kwa kuiandikia kila mara. Tupige hesabu, tuseme kila ukifunga inaandika 3GB na unafunga mara nne kwa siku, ni 12GB, kwa mwaka haifiki hata TB 5 (TB moja ni kama GB 1,000). Samsung 860 EVO ya 250GB peke yake imeandikiwa kuvumilia kuandikwa TB 150. Hiyo laptopu bawaba zitakatika kabla.

Cha pili ni kuikata waifai wakati imelala. Kwenye mashine za aina hii ukienda Device Manager kwenye kadi ya waifai mara nyingi ile tabo ya umeme hata huioni, kwa hiyo inabidi kupitia komandi, nakili usiandike kwa mkono utakosea:

powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_none F15576E8-98B7-4186-B944-EAFA664402D9 0
powercfg /setactive scheme_current

Hii ni ya ukiwa kwenye betri tu. Na ile hotspoti ya simu ingia kwenye setingi za waifai uiwekee alama ya mtandao wa kulipia, Metered, hata ikiwa macho iwe na adabu na bando.

Cha tatu ni mausi ya bluutuu. Nilikuwa nikiigusa tu mezani laptopu inaamka, na kwenye begi mausi inagongwagongwa njia nzima. Ukipiga powercfg /devicequery wake_armed inakuorodheshea vyenye ruhusa ya kuiamsha mashine, utashangaa. Mimi siku hizi naizima tu mausi kwa swichi yake ya chini.

Kingine nilichokigundua humohumo, ule uzimaji wa kawaida wa Windows nao una ujanja, kama Fast Startup, ile ya kuifanya iwake haraka, imewashwa basi ukibonyeza Shut down inahaibaneti nusu, sehemu ya mfumo wenyewe. Ndo maana unazima kila siku lakini Task Manager inakwambia mashine ina siku 19 haijazimwa. Ukitaka kuzima kwa kweli shikilia Shift wakati unabonyeza, au piga Restart. Watu wa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nao wana yao, jamaa yangu mmoja anaangalia /sys/power/mem_sleep, akikuta deep ndo yenye mabano anafurahi maana huo ni ule usingizi wa zamani, akikuta s2idle ananuna siku nzima.

Faida ambayo sikuitegemea ni umeme ukikatika. Nafanya kazi za kutafsiri, zamani ukikatika usiku na betri ipo chini ilikuwa mbio za kuseivu, sasa ikifika 7% inahaibaneti yenyewe nami naenda zangu kulala, asubuhi nakuta sentensi imesimama palepale.

Jana nimefunga Posta 81%, nimefungua Kimara 81%, begi halina joto hata kidogo. Kinachonisumbua sasa hivi ni simu, hotspoti ikikaa bila mtu inajizima yenyewe, kwa hiyo kila nikiiwasha laptopu lazima niitoe simu mfukoni niiwashe na yenyewe.