Siku ya kurudisha majaribio

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, chuo kikuu, hapa Dodoma. Tupo wiki ya saba, katikati ya muhula. Anayeyumba bado ana muda wa kujiweka sawa kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, wenye alama 60 kati ya 100.

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi na karatasi zilizobaki. "Jitahidi" siandiki, wala "soma zaidi". Mwanafunzi atafanya nini nayo? Kijana mmoja kakokotoa wastani wa faida ya kutwa ya mama lishe kumi: shilingi 18,000. Hesabu sahihi kabisa. Ila tisa kati yao hawavuki 13,000, na wa kumi, mwenye kibanda stendi, anapata 90,000. Namwandikia: "Umekokotoa vizuri. Sasa wapange kuanzia wa chini hadi wa juu, uniambie hiyo 18,000 ni faida ya nani." Jibu simpi.

Saa 2 asubuhi. Nagawa karatasi zenye maoni tu. Ukumbi wote: "Madamu, na maksi?" Kesho! Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi wa Israel: waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Wale walikuwa watoto wa shule, lakini hata hapa chuoni penye maksi macho huishia kwenye maksi. Kila mmoja ananiandikia kikaratasi: nitaanza kurekebisha nini?

Saa 5. Kikao cha idara, kirefu. Kisha wali maharage.

Saa 9 alasiri. Ofisini.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba, karibu kiti."

Ni yule kijana. Kawapanga wote. "Madamu, hii 18,000 si ya mtu yeyote humu."

"Kwa hiyo anayetaka kuwakopesha utamwambia nini?"

Anakaa kimya, anaikodolea macho orodha. "Nitampa mediani, ile ya katikati ya orodha. Huyu wa stendi nitamtaja peke yake."

Nimefurahi mno! Baada yake kaja binti anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Tumepitia makosa yake moja moja: karibu yote yanatokana na kusoma safu isiyo yake kwenye jedwali la Z, lile la kusomea uwezekano. Takwimu anazijua. Ametoka na maswali matatu ya kufanyia mazoezi.

Saa 2 usiku. Nasoma vikaratasi. Wengi wametaja jedwali hilohilo la Z, basi semina ijayo tunaanza nalo, na kila mmoja aje na nakala yake.