Mradi wa mto Pangani: mashua zimegeuzwa

Nimefuta mashua zote tatu kwenye picha yangu. Kazi ya wiki nzima nimeipaka nyeupe, na leo asubuhi nimeanza upya kwa mkaa.

Nachora mto karibu na mlango wake, nikiwa upande wa mjini: ng'ambo ni Bweni, bahari iko kushoto, mikoko kulia. Kitambaa ni amerikani, sentimita 120 kwa 80, nimekipaka gundi ya mbao kisha rangi nyeupe ya ukutani mara mbili. Rangi ni akriliki. Upepo wa kusi unaikausha kwenye sahani kabla sijaichovya, kwa hiyo natembea na chupa ya kunyunyizia maji kama kinyozi.

Kosa lilianzia kwenye ratiba. Nautaka mwanga wa saa moja na nusu, ule unaolala juu ya maji, na nataka pia mizizi ya mikoko iwe wazi. Mto haunipi vyote pamoja. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na yale ya bamvua, siku yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yanapofika chini kabisa ni saa nne na kitu, jua limeshapanda. Basi nikawa nadokoa: mashua leo, mizizi keshokutwa, anga siku nyingine.

Jumamosi mzee mmoja, fundi wa mashua, akasimama nyuma yangu. Shikamoo, marahaba. Akatazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hapa maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yanakupwa, mzee."

"Mbona mashua zimeelekeza omo, mbele yake, baharini? Chombo kikiwa nangani hukabili mkondo. Kwa hiyo maji yanaingia. Lakini mizizi yako imelowa mpaka juu, maji yanatoka. Mto gani huu?"

Nikacheka tu, sikuwa na la kujibu. Kinachoniuma ni kwamba mizizi ndiyo niliyoikazia macho kuliko kitu kingine chochote. Iliyokauka ina rangi ya jivu. Iliyotoka majini sasa hivi ni kahawia inayovuta wekundu, na mpaka wa rangi hizo mbili umenyooka kama uliopigwa rula. Nimeuchora mpaka huo kwa uangalifu bila kujiuliza maji yameelekea wapi.

Mchoraji Monet alipochora uso wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, 1892 na 1893, alikuwa akibadilisha kitambaa kila mwanga ulipogeuka, akapata picha zaidi ya 30. Namuonea wivu. Kanisa halilali nangani.

Mpango mpya: nitachora siku tatu nne kabla ya bamvua tu, maji yanapofika chini karibu saa mbili. Saa moja na nusu yatakuwa bado yanatoka. Mizizi haitaonekana yote, na matope niliyoyapenda yatabaki kwenye daftari. Sawa.

Mkaa umefutikafutika kwa jasho la kiganja, lakini mashua ya kwanza imeshageuka, omo kulia.