Mnada wa Jodari, Darajani

Mwalimu wetu wa Kiswahili kidato cha tatu, mama wa Kipemba, alitupa kazi ya kutunga tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, juu ya soko la Darajani, Unguja, yenye tamathali za semi. Kabla hatujashika kalamu akatuonya: soko kama mzinga wa nyuki asiletewe, keshachoka nalo. Jumamosi asubuhi tukutane mnadani.

Samaki walikuwa wamelazwa chini, sakafu imerowa, wanunuzi wamezunguka. Dalali akanyanyua jodari mmoja kwa mkia.

"Huyu hajajua kama kafa!"

Mchuuzi mmoja akamjibu pale pale, "Mbona macho yameshaaga?"

Dalali hakubishana. Alifungua shavu la samaki kwa kidole gumba, ndani kukaonekana kwekundu, kubichi kabisa. Bei ikaanza kupanda.

Mwalimu akatugeukia. Ile kauli ya dalali ni nini? Mmoja akasema tashihisi, maana samaki kapewa akili ya mtu; mwengine akasema chuku, maana dalali katia chumvi. "Zote mbili," akasema, "lakini muangalie zinafanya kazi gani. Huyu anapandisha bei, yule anaishusha. Na shavu likifunguliwa, tamathali lazima isimame."

Nimesoma vitabu vingi vya fasihi tangu hapo, na sijaona maelezo yaliyonikaa kama hayo. Vitabu hutaja tamathali kuwa pambo la shairi. Pale mnadani ilikuwa hoja.

Mwenzetu mmoja aliandika kuwa soko ni daraja. Mwalimu alimsifu sana, na kwa haki: jengo lile ni la 1904, na jina la Darajani limetokana na daraja la kweli lililovuka mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalishafukiwa, watu wa pande mbili bado wanakutana pale pale. Sitiari ile ilikuwa na mzizi ardhini.

Ubeti wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Soko lafumbua jicho, adhana ikisikika,
Jodari katoa macho, kama mtu kashituka,
Dalali kinywa anacho, ulimi wake ni shoka,
Nani tena? Nani tena? Bei yapanda yaruka.

Tashihisi ya soko, tashbihi ya "kama", sitiari ya shoka na takriri ya "nani tena", zote zimo. Zogo likazuka kwenye shoka. Msichana aliyekaa mbele yangu alishikilia kuwa shoka huangusha, na dalali kazi yake kupandisha. Basi aitwe ngazi. Nikamjibu kuwa tulimuona sote: wanunuzi wanavutana, yeye anatamka neno moja, "Kenda!", yaani keshakwenda, na mnada umekatika, hakuna wa kuongeza hata shilingi. Mwalimu alituacha tubishane mpaka kengele ikalia. Hakufuta shoka langu, wala hakumwambia yule msichana kuwa kakosea. Pembeni mwa ubeti aliandika kwa wino mwekundu: "Shavu limefunguliwa. Endelea ubeti wa pili."

Nikaendelea, nikaanzia kwa wauza viungo.