Nilivyowasikia nyangumi wa Kimbiji kabla ya kuwaona

Mwaka jana mwezi wa tisa niliona nyangumi kwa macho yangu, nje ya Kimbiji, wilaya ya Kigamboni. Sikupanda ndege wala sikuvuka mpaka. Naandika kwa sababu kwa miaka miwili kabla ya hapo karibu kila niliyemuuliza alinipoteza, na alinipoteza kwa uhakika kabisa, kama mtu anayekuelekeza kituo cha daladala.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Siku moja nimemaliza kubadilisha kioo cha simu ya mteja, nikafungua video ili nijaribu rangi, ikatokea orka. Dume, jeusi tii, baka jeupe nyuma ya jicho, na pezi la mgongoni limesimama wima. Baadaye nikasoma kwamba pezi la dume hufika hata mita 1.8. Mimi sifiki kimo hicho. Watu humwita nyangumi muuaji, lakini kwa ukoo ni pomboo, tena mkubwa kuliko pomboo wote, na familia yao huongozwa na bibi. Nikasema lazima nimwone.

Wa kwanza kuniambia alisema nenda Kizimkazi, Unguja, nyangumi wapo kila asubuhi. Nikaenda. Nikaona pomboo, wazuri sana, lakini sicho nilichokuwa natafuta. Wa pili, jirani yangu wa duka, aliniapia kwamba nyangumi wako Mafia na wakati wake ni Desemba. Hili ndilo lililonikera zaidi, maana lilikula likizo yangu yote.

Nilipanda gari hadi Nyamisati, nikavuka kwa boti hadi Kilindoni. Kesho yake tukatoka baharini na vijana wanaopeleka wageni, na kweli dakika si nyingi likaja dubwana refu kuliko boti yetu, mgongo umejaa madoadoa meupe kama shilingi zilizomwagwa. Nikaruka na miwani ya kuogelea. Nimemwogelea karibu hadi nikaona matamvua yake yakifunguka na kufungika. Hapo ndipo moyo ulipoanza kusita. Nyangumi hana matamvua. Nyangumi hupumua hewa kama mimi na wewe. Tena mkia wa huyu ulisimama wima, ukipiga kushoto na kulia kama mkia wa changu, wakati mkia wa nyangumi umelala bapa na hupiga juu na chini. Niliyemfuata hadi Mafia alikuwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na Oktoba hadi Machi ndio msimu wake pale. Ukitaka kumwona yeye, nenda, hutajuta. Ila usimwambie mtu kuwa ni nyangumi.

Jioni nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pwani ya Kilindoni. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, wewe umekuja wakati wa kaskazi kumtafuta mgeni wa kusi." Kaskazi ni upepo wa msimu wa Desemba, kusi ni ule wa katikati ya mwaka. Maneno hayo yalinifaa kuliko yote niliyoambiwa miaka miwili.

Nyangumi wanaopita kwetu ni nyangumi wa nundu, wanaoitwa hivyo kwa sababu ya kinundu kilicho mbele ya pezi dogo la mgongo. Wanakula huko kusini kabisa, kwenye bahari ya Antaktika, halafu wanapanda pwani ya Afrika kutafuta maji ya joto ya kuzalia na kupandana. Mwezi wa saba wanaanza kuonekana, wa nane na wa tisa ndio wengi, wa kumi bado utakuta mama na mtoto. Huku kwetu hawali karibu chochote, wanaishi kwa mafuta waliyojaza kule. Kwa hiyo akitokea mtu anakwambia mmwage dagaa ili wasogee, shuka kwenye boti yake. Na orka? Orka hana ratiba. Anaweza kupita bahari yoyote, siku yoyote, na hakuna anayeweza kukuuzia tarehe. Nikaamua nianze na mwenye ratiba.

Msimu uliofuata, mwezi wa nane, nikakodi boti ya upande wa Msasani. Nahodha alikuwa na mashine mbili nyuma na maneno mengi. Kusi ilikuwa bado ina nguvu, mawimbi yakitupiga ubavuni tangu tulipopita Bongoyo. Baada ya saa mbili nikaona kitu mbele, ukungu mweupe umeruka juu ya maji kisha ukapeperuka. Nikapiga kelele. Badala ya kupunguza mwendo, nahodha akafungua mashine zote, tukamkimbilia. Ukungu ukatokea tena, mbali zaidi. Tukakimbiza. Mara ya tatu tukaona mgongo ukikunjama, mkia ukanyanyuka kidogo, akazama, basi. Tulizunguka hadi mafuta yakakaribia nusu na hakurudi. Nilirudi nimetapika, nimelowa, pesa imekwenda, kisha naambiwa, "Dada, umemwona lakini!" Sikumwona. Nilimfukuza, tena kwa hela yangu, na inawezekana kabisa alikuwa mama aliyesafiri maelfu ya kilomita aje kunyonyesha. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Usiku ule ndipo nilipowaza kama fundi. Madume ya nyangumi wa nundu huimba. Wimbo mmoja hurudiwa kwa saa nyingi, na sauti ndani ya maji husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo macho yangu yanafika pale wimbi linapoishia, lakini sikio likiwa chini ya maji lingefika kilomita kadhaa. Kazi yangu ni sauti. Kila siku nabadilisha maiki na spika. Kwa nini nisiwatafute kwa masikio?

Cha kwanza nilichotengeneza kilikufa mapema. Nilichukua maiki ya kawaida, nikaitia ndani ya puto, nikafunga mdomo kwa uzi, nikazamisha kwenye pipa la maji nyumbani. Mtoto wa dada akagonga pipa kwa kijiko, nikasikia kitu kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa godoro. Nilipoizamisha zaidi puto likabanwa, maji yakapenya, maiki kwisha.

Cha pili nikatumia kisahani cha shaba, kile cheupe katikati, kinacholia kwenye saa za mezani na midoli ya watoto. Ukikipa umeme kinalia, ukikitikisa kinatoa umeme. Nikakiunga kwa waya wa maiki wenye kinga ya nje, nikakizungushia gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, tabaka tatu, kila tabaka nikisubiri likauke usiku mzima. Maji hayakuingia. Lakini nilipochomeka moja kwa moja kwenye simu nikapata sauti nyembamba tu, zile nzito zote zimepotea. Nikaumiza kichwa siku nne. Mafundi wenzangu wataelewa upesi: kisahani kile kina nguvu kidogo, na mlango wa maiki wa simu unakinyonya hadi sauti nzito zinakwisha. Nyangumi wa nundu sehemu kubwa ya uimbaji wake iko kwenye sauti nzito. Dawa yake ni kuweka katikati ampilifaya ndogo ambayo mlango wake hauvuti umeme karibu kabisa: transista moja ya FET, resista mbili tatu na betri ya volti 9, vyote ndani ya kopo la dawa ya viatu. Vifaa havikufika elfu ishirini, na vingine nilivitoa kwenye droo yangu. Nikazamisha tena pipani. Safari hii nilisikia lori likipita barabarani, kupitia maji ya pipa. Nilicheka peke yangu uani.

Nahodha wa safari hii nilimpata Kimbiji, mvuvi wa mshipi mwenye mashua ya faiba na mashine moja. Kwake nilikwenda mara mbili kabla, nikanywa chai, nikauliza maswali. Alinitazama kwa upole, akasema kama nataka kukimbiza, yeye hakimbizi. Nikamwambia sitaki kukimbiza, nataka tuzime mashine. Tukapatana laki mbili na ushee, mafuta juu yangu, na majaketi ya kuokolea niliazima mwenyewe. Angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla, nao ukisema upepo mkali usibishane. Tulisubiri zaidi ya wiki.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Asubuhi upepo wa umande hutoka nchi kavu na bahari hulala. Ikifika saa tano mapovu meupe yametapakaa kila mahali na huwezi kutofautisha pumzi ya nyangumi na wimbi, kwa hiyo aliyeniambia niende mchana kwa ajili ya mwanga naye nampa pole. Nilitafuna tangawizi, nikakaa tezi, nyuma ya mashua, karibu na nahodha, macho kwenye upeo. Sikutapika.

Mara ya kwanza kuzima mashine tulikuwa tumekabili kaskazini mno. Nikateremsha waya kama mita 10, nikavaa hedifoni, nikasikia ngurumo moja tu isiyokatika: meli zinazoingia na kutoka bandarini. Tukateremka kusini kuipita Ras Kimbiji. Mara ya pili nikasikia mkwaruzo mfululizo, kama vitumbua vinavyokaangwa. Hao ni kamba wadogo wa miambani, wanatoa mlio kwa kubana gando lao kwa ghafla. Pia kulikuwa na dundo kila mashua ilipopanda na kushuka, likiharibu kila kitu. Hapo nahodha ndiye aliyetengua fumbo. Alikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kati ya waya na boya, chini akaning'iniza chubwi mbili za mshipi. Boya likawa linacheza, mpira unavutika, waya umetulia. Dundo likaisha. Yeyote atakayejaribu, asisahau mpira huo.

Mara ya nne, saa mbili kasoro, maji meusi chini yetu, nikasikia. Kwanza mguno mzito, mrefu, kama mlango mkubwa wa mbao unaofunguliwa polepole. Kisha ukapanda, ukawa mlio mwembamba wa kuuliza, kisha vishindo vitatu vifupi. Kimya kidogo. Halafu vilevile, kwa mpangilio uleule. Mikono ilinitetemeka. Nikamvua nahodha kofia nikamvisha hedifoni. Alisikiliza muda mrefu, amefumba macho. "Hii naijua," akasema. "Tukilala baharini wakati wa kusi, ukiweka kichwa kwenye sakafu ya mashua unaisikia. Marehemu baba alituambia tusiijibu."

Maiki moja haikuonyeshi upande. Tulichofanya ni kusogea polepole kama kilomita moja, kuzima, kusikiliza, kupima kama imezidi au imepungua. Mara ya tatu ilikuwa kubwa hadi nikapunguza sauti. Basi tukakaa. Na hapa ndipo penye siri niliyoisoma na sikuiamini hadi siku ile: mwimbaji anapopanda kupumua, wimbo hufifia, kwa sababu sauti iliyo karibu na uso wa maji hupotea. Kwa hiyo mlio ukinywea, vua hedifoni, inua macho. Ukanywea. Nikasema, "Mzee, sasa!"

Akatokea upande wa omo, mbele ya mashua, kama mita 100, umbali ambao nchi nyingi zimeuwekea sheria boti zisiuvuke. Kwanza pumzi: pfuuu, nzito, mvuke umepanda juu kuliko kimo cha mtu. Upepo ukatuletea harufu yake, ya samaki waliolala. Mgongo mweusi ukapita taratibu, ukang'aa, kinundu, kisha ukakunjama. Mkia ukanyanyuka wote, maji yakichuruzika kwenye kingo kama mvua kwenye bati. Chini yake ulikuwa mweupe, na upande wa kulia una baka jeusi lenye umbo la jani la mwembe. Kila mmoja ana michoro yake chini ya mkia, kama alama za vidole. Nilipiga picha moja tu iliyotulia.

Dakika kumi na kitu baadaye wimbo ulikuwa umerudi chini yetu, na safari hii hatukuhitaji hedifoni. Ulisikika kwenye faiba, kwenye nyayo. Mtoto wa nahodha, baharia wetu, aliinua miguu yake juu ya benchi akaikumbatia. Tuliwasikia wawili siku ile, tukamwona huyo mmoja mara tano. Saa tano kasoro upepo ulipogeuka tukarudi, na mafuta yalibaki zaidi ya nusu.

Orka bado. Nahodha anasema aliwahi kuwaona mara moja tu maishani, karibu na Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mbali baharini, si Kizimkazi ya Unguja, weusi wanne wenye mapezi kama tanga za ngalawa, nao hawakusimama. Namwamini, kwa sababu hajajaribu kuniuzia safari ya kwenda huko.

Juzi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nyuma yake nilisikia maji yakipiga ubavu wa mashua. "Dada fundi," akasema, "kusi imelegea, na jana usiku nimelala sakafuni. Wamekuja." Nikaamka nikatafuta betri ya volti 9.