Supu isiyokauka: kumbukumbu za jikoni

Jumapili. Naanza supu ya kuendelezwa siku hadi siku, ikiongezwa maji na mifupa. Nimebandika kongoro, mifupa yenye uboho, tangawizi na kitunguu saumu. Chumvi sijatia. Supu ya kuchemshwa kila siku hupungua maji huku chumvi ikibaki, kwa hiyo kila mtu atajitilia bakulini pamoja na ndimu na pilipili.

Jumatatu. Watu hudhani supu ya aina hii moto wake hauzimwi kamwe. Wattana Panich, mgahawa wa Bangkok uliouendeleza mchuzi wake wa ng'ombe kwa zaidi ya miaka 40, huhifadhi unaobaki usiku na kuanzia nao kesho yake. Nami nafuata hiyo. Gesi iwake watu wamelala? Hapana.

Kazi basi iko kwenye kupoza. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na sufuria kubwa ikiachwa mezani kwa joto hili la Dar hukesha vuguvugu. Mmoja wao, Clostridium perfringens, ana vijimbegu sugu vinavyostahimili kuchemka, kisha huamka supu ikipoa taratibu. Wapo na wengine ambao sumu yao haiondoki hata uchemshe upya, kwa hiyo iliyolala nje ni ya kumwaga, hata kama haijachacha.

Jumatano. Utaratibu umekaa sawa. Jioni natoa nyama, nachuja, nagawa kwenye vyombo vya kina kifupi, naviweka ndani ya beseni la maji na barafu huku nakoroga. Kipimajoto kishuke hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine, frijini. Asubuhi mafuta yameganda juu. Nayabandua kwa kijiko, nakaangia mboga. Chini yake supu inatikisika kama jeli. Naichemsha mpaka itokote yote, ndipo naongeza maji na mifupa mipya.

Ijumaa. Umeme ulikatika alasiri, na barafu hakuna. Nikaiacha kwenye moto mdogo, kipimajoto juu ya 70, mpaka uliporudi usiku.

Jumamosi. Maharage hayaingii mabichi: yana sumu inayotaka mchemko wa kweli, si moto wa kubembeleza, basi nayapika pembeni. Ndizi na viazi haviachwi vikalala humo. Vinarojeka na kuunguza sufuria. Shemeji anaiita kiporo cha kiporo, ila bakuli la pili haachi.

Nataka kuongeza mkia wa ng'ombe. Bei ya buchani ndiyo inanisitisha.