Siku yangu na mbao zenye utomvu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafungua karakana, hapa Majengo. Lori la bara lilishusha mbao usiku, na harufu ya msonobari inanilaki mlangoni. Hiyo ni pinini, sehemu nyepesi ya utomvu inayoruka hewani. Nzito, yaani asidi za utomvu, hubaki zikaganda.

Saa mbili. Randa imekwama kwenye kifuko cha utomvu wa rangi ya asali, na kijana wangu analaani. Nilisomea mimea kabla ya kurithi karakana ya baba, basi siwezi kunyamaza. Mti hauna damu ya kupeleka askari, namwambia. Kila sehemu hujipigania. Kuvu ikiingia, seli huhisi vipande vya kitini kutoka kwenye ukuta wake, na homoni ya jasmoneti hupeleka habari. Sprusi ya Ulaya, mti jamaa ya msonobari, wiki chache baadaye huwa imeshatengeneza safu mpya ya mifereji ya utomvu, na kandokando ya jeraha imejaza fenoli, sumu kwa kuvu.

"Kwa hivyo huu ni usaha?"

Huenda. Huenda pia ni upepo tu uliupasua mti ndani.

Saa nne, chai kwa mahamri na mbaazi.

Saa tano anaingia mama mmoja aliyeagiza kabati. Anaona michirizi ya buluu. "Mwanangu, mbao zimeoza hizi!"

"Hazijaoza, mama." Buluu hii ni kuvu; hula sukari na wanga wa tabaka la nje, haili ule uti wa mbao. Gogo lilikatwa likalala na unyevu. Mti uliokufa haujitetei tena. Na kuna jamaa zake wabaya zaidi: *Grosmannia clavigera* wa Amerika Kaskazini huila limonini, silaha ya msonobari wenyewe. Umemtegea panya sumu, naye anaifanya futari.

Anacheka. Kisha: "Basi nipunguzie. Buluu silipi bei ya nyeupe."

Saa tisa mzee wa lori anarudi kudai pesa zake, anakumbuka misonobari ya radiata ya bara. Miaka ya 1960 kuvu ya *Dothistroma* iliikausha sindano, yaani majani yake membamba, kwa sumu inayoamshwa na mwanga, na watu wakaacha kuipanda. Siku hizi hutuletea msonobari wa patula na saipresi.

Saa kumi na moja. Mikono inanata, sabuni haifui dafu. Kijana anamimina mafuta ya nazi. Ubao wa buluu ameshaupigilia nyuma ya kabati.